Bi Kasuku, Mdomo wa Wodi ya Nne

"Vya maumivu tu, wifi! Miezi mitano namgawia mume wangu vidonge asubuhi na jioni, namsimamia mpaka ameze, nampangusa na mdomo, kumbe vya maumivu tu!"

"Shusha sauti."

"Siishushi. Nyumba yangu, koo langu."

"Majirani watasikia."

"Na wasikie! Wao ndio walikuwa wamebaki. Mimi mwenye mgonjwa nimesikia jana, tena dirishani, nimesimama kwenye foleni na kadi mkononi kama mtu aliyekuja kununua mkate."

Wifi alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mumewe, na kila neno lilipomtoka pasi nayo ilipaa hewani, ikarudi kwenye kola kwa kishindo. Bi Kasuku, dada wa huyo mwenye shati, alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mgeni aliyepita kuulizia njia. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu alipoota meno hakuwahi kukosa jibu. Leo jibu lilimkimbia, na viatu likavibeba.

Mwenye shati hakuwepo. Alikuwa kwa kinyozi, nyumba ya sita kutoka hapo, safari ambayo zamani aliimaliza kabla mluzi haujamwisha mdomoni, na ambayo siku hizi ilimla nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Kesho ilikuwa siku yake ya kliniki, naye hakupenda daktari amkute na kichwa cha manyoya. Fundi seremala huyu alikuwa mtu wa vipimo hata kwenye ndevu zake.

"Yule kijana wa dawa," wifi aliendelea, "ananiuliza kwa upole, 'Mama, maumivu yamepungua?' Namwambia yamepungua, mwanangu, lakini ugonjwa wenyewe utaisha lini? Akaangalia faili. Akaniangalia mimi. Akaangalia faili tena. 'Mama, hivi si vya kuponya. Hamkuambiwa?' Nikamwambia tuliambiwa bwana, mbona tuliambiwa, tena na dada wa mgonjwa mwenyewe, mkalimani wa hospitali hii hii!"

Bi Kasuku alifungua mkoba, akaufunga.

"Sema basi. Mdomo si ndio kazi yako?"

Kweli, mdomo ndio ulikuwa kazi yake. Mji mzima ulijua. Hospitali ile ilijazwa madaktari wageni, Kiingereza kitupu, na wagonjwa ambao Kiingereza kwao kilikuwa kama mvua ya nchi ya mbali: wanaisikia ikisimuliwa, haijawahi kuwalowesha. Katikati yao alisimama Bi Kasuku. Na lugha ile hakuipata darasani, kwa maana darasa alilijua kwa nje tu. Aliipata kwa ufagio. Miaka sita alifagia chini ya viti vya madaktari, wao wakiongea juu, yeye akiokota chini. Walidondosha karatasi, pamba na maneno, na yeye hakuacha kitu sakafuni. Alifagia mpaka sakafu ikawa inamwamkia. Siku mkalimani wa zamani alipougua, na wodi nzima ikabaki inapungiana mikono kama watu waliozama, mfagiaji aliegemeza ufagio ukutani akasema, "Daktari anakuuliza, mama, kinauma ukikohoa au ukilala?" Ufagio ule haukumwona tena.

Mkuu wa wauguzi wa wakati huo alimfundisha sheria moja tu. Mkalimani hana "yeye", ana "mimi". Mgonjwa akisema tumbo linanikata, na wewe unasema tumbo linanikata. Daktari akisema nitakupasua, na wewe unasema nitakupasua. Unasimama nyuma ya bega la mgonjwa, nusu hatua, asikuone uso, akusikie tu. Basi kwa sheria hiyo Bi Kasuku alishika mimba mara elfu mbili na hakuzaa hata mara moja. Aliota busha. Aling'olewa meno yasiyoweza kuenea kwenye gunia. Siku moja kabla ya saa sita mchana alikuwa amepofuka jicho, amekunywa mafuta ya taa kwa bahati mbaya, na amekataa katakata kunyoa ndevu kabla ya upasuaji. Wauguzi walicheka mpaka wakashika kuta.

Jina la Kasuku alipewa wodini, kwa heshima, na lilikuwa uongo mtupu. Kasuku hurudia alichosikia. Bi huyu katika miaka ishirini na sita hakurudia. Mzee mmoja aliyechomwa sindano mahali pasipotajwa mbele ya wakwe aliutukana ukoo wa daktari kuanzia mjukuu hadi babu wa babu, akapumzika, akaanza upya kwa upande wa mama. Daktari akauliza, "Anasemaje?" Bi Kasuku akajibu, "Sindano imeniuma kidogo, lakini ahsante." Daktari akashangaa maneno yote yale. "Lugha yetu ndefu, daktari," akajibiwa.

Hayo watu walijua na walicheka. Wasilolijua ni pale yalipoanzia.

Mwaka wake wa kwanza, mchana mmoja, alisimama nyuma ya bega la mama kijana mwenye mtoto mchanga kifuani. Daktari wa siku hiyo alikuwa na haraka. Alisema sentensi moja, fupi kama kisu cha kumenyea. Bi Kasuku, mgeni wa kazi, mtiifu wa sheria, aliitoa kama ilivyoingia: "Mtoto wako hatafika jioni." Hakuongeza, hakupunguza. Yule mama hakumgeukia daktari. Aligeuka nyuma, akamtazama yeye, mwenye sauti. Akamwambia, "Wewe mwanamke, nimekukosea nini?" Kisha akaanguka palepale, na mtoto ikabidi adakwe. Mtoto hakufika jioni, ni kweli. Lakini kwa miaka mingi baadaye yule mama akimwona Bi Kasuku njiani alivuka upande wa pili, ila akimwona daktari yule yule alimpungia mkono. Ndipo Bi Kasuku alipoanza kutia asali. Mwanzo kijiko, baadaye mtungi.

"Nilimwonea huruma," alisema sasa, akiutazama mkoba.

"Huruma!" Wifi aliisimamisha pasi kwa kisigino chake. "Haya, nieleze hiyo huruma. Daktari alisemaje siku ile? Nami nilikuwepo, nimekaa pale pembeni kama gunia la mkaa, namwona anaongea na nyinyi wawili. Aliongea kirefu. Wewe ukatoa kifupi."

"Alisema kuna uvimbe."

"Hilo ulituambia. Uvimbe kidogo, ulisema. Nitakupa vidonge, ulisema. Pumzika, ule vizuri, mwakani utakuwa unabeba mbao begani. Mume wangu akaruka kama mtoto. Njia nzima anaimba. Je, daktari alisema mbao?"

"Hakusema mbao."

"Alisema mwakani?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, na wote wawili wakangoja upite, kama vile ulikuwa mtu wa tatu kwenye mazungumzo.

"Alisema mwaka huu," Bi Kasuku alisema mwishowe. "Alisema kama ana jambo la kumaliza na mtu yeyote, alimalize mwaka huu."

Wifi alikaa. Alikaa juu ya rundo la nguo alizokwisha kuzinyoosha.

Jambo la kumaliza lilijulikana kwa wote wawili, halikuhitaji kutajwa, na ndiyo maana lilitajwa. Fundi alikuwa na kijana wake wa kwanza. Miaka tisa iliyopita kijana huyo aliacha randa na msumeno wa baba yake, akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Baba alilichukua sanduku la zana la mwanawe akalirusha barabarani, patasi zikatawanyika mpaka kwenye mtaro, akasema mwana wa mbao aliyeoa chuma asirudi kwake. Kijana hakurudi. Alihamia mji mwingine, akaoa, akapata watoto wawili ambao babu yao hakuwahi kuwashika. Sasa, tangu siku ile ya kliniki na wimbo wa njiani, fundi alikuwa ameanza kulainika. Alisema mwakani, akipata nguvu, atapanda basi aende mwenyewe. Hataki kijana aje. Hataki akutwe mnyonge, anakokota miguu, suruali imefungwa kwa kamba. Ataenda kwa miguu yake, amsalimie mwanawe wakiwa wima wote wawili. Mwakani.

"Mwanangu hupiga simu," wifi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa chini, hata jirani mwenye masikio ya popo asingeipata. "Ananiuliza, 'Mama, nije?' Mimi namwambia subiri, baba yako anapona, mwakani atakuja mwenyewe. Namzuia kwa mdomo wangu. Wewe umemnyima kaka yako mwanawe, halafu ukaniazima mimi mdomo nikakusaidie."

"Sikukusudia—"

"Mficha maradhi, wifi, kifo humfichua. Na wewe hukuficha yako, umeficha ya mwenzio."

Hapo Bi Kasuku alitoa kwenye mkoba karatasi mbili zilizobanwa pamoja, akaziweka juu ya meza ya kupigia pasi. Hilo ndilo lililomleta, kabla hajakutana na moto mlangoni.

"Kesho siingii naye," alisema. "Nilikuja kuwaambia. Hospitali imeleta sheria mpya."

Karani wa hospitali ndiye aliyemsomea, juzi, ofisini kwake, chumba chembamba chenye mafaili mpaka darini, ambamo karani mwenyewe alionekana kama faili lililovaa miwani. Alisoma kwa madaha mpaka akafika kwenye neno moja, akalipiga kidole: verbatim. Wakalimani wote watatafsiri verbatim. Bi Kasuku, aliyekula Kiingereza cha madaktari miaka thelathini na miwili, hilo hakuwahi kuliokota sakafuni. Akauliza ni mnyama gani.

Karani alifurahi, maana ni mara chache watu walimwuliza kitu. "Ni kusema kama ilivyosemwa, shangazi. Neno kwa neno. Mtu akisema paka wa jirani ameanguka kisimani, wewe husemi mnyama amelowa. Husemi pia paka anaoga. Unasema paka, wa jirani, ameanguka, kisimani."

"Na kama ni paka wa huyo ninayemwambia?"

"Hata kama ni wake."

"Na kama anampenda?"

Karani alivua miwani. "Neno halifiki hapo, shangazi. Neno lenyewe ni la maneno tu. Linatumika hivi: amenukuu verbatim, ameandika verbatim, amerudia verbatim. Huwezi kusema amependa verbatim."

Bi Kasuku alitia saini. Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema hakuna mkalimani atakayesimama nyuma ya bega la ndugu yake. Kesho fundi atasimamiwa na msichana mpya, aliyetoka chuoni, mwenye sauti nzuri na cheti ukutani, ambaye hata jina la utani hajapata. Atasema paka, kisimani.

Wifi hakujua kusoma karatasi ile, lakini aliitazama mpaka akaimaliza.

"Kwa hiyo kesho atasikia."

"Kesho saa tatu asubuhi."

"Kutoka kwa mtoto wa watu."

"Ndiyo."

"Basi ni leo. Akitoka kwa kinyozi akae, umwambie wewe. Mimi hataniamini. Nikimwambia jua limechomoza atachungulia dirishani. Mdomo wako ndio ameamini tangu mnachunga mbuzi. Umwambie leo, kesho asubuhi nampigia mwanangu simu, keshokutwa yuko hapa."

"Nitamwambia," Bi Kasuku alisema. Akashangaa jinsi lilivyotoka jepesi. Akahisi kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani. "Nitamwambia leo."

Wifi aliinuka. Akashika pasi. Akaiweka. Akashika shati, akalitikisa, akaliangalia kama ni mara ya kwanza anaona shati. Halafu uso ukambadilika wote.

"Wifi."

"Naam."

"Jana alikula. Alikula akaomba nyongeza. Hajaomba nyongeza tangu mvua."

"Niliona leo uso wake, nilipompita njiani."

"Ana mbao mbili kule nyuma amezianika. Za kutengeneza kiti cha kwenda nacho kwa mwanawe. Kila asubuhi anazigeuza." Alimshika Bi Kasuku mkono, kwa nguvu, mkono wenye joto la pasi. "Usimwambie. Nenda kamwombe karani. Wewe wanakuheshimu pale. Mwambie yule msichana ageuze kidogo. Kidogo tu. Nami nitamwita mwanangu kwa ujanja, nitasema mimi ndiye ninayeumwa."

"Umenigombeza saa nzima kwa neno hilo hilo."

"Najua."

"Umeniita mnyang'anyi."

"Sijakuita mnyang'anyi."

"Ungebaki na pumzi ungeniita."

Wifi alicheka, kicheko kibaya chenye maji ndani, kikakatika. Bi Kasuku hakucheka. Alikuwa amemwona wifi yake uso ule ule aliouona kwake mwenyewe kila siku kwenye kioo cha bafu la wauguzi, uso wa mtu anayetafuta kijiko cha asali. Na kwa mara ya kwanza aliona jinsi unavyopendeza, na jinsi unavyoiba.

"Ukimwita kwa ujanja," alisema, "atakuja, atakaa siku mbili, ataona mama mzima, atarudi kwenye kazi yake. Na kaka atamwambia nini? Atamwambia mwakani. Atamficha unyonge wake, atajifungia karakanani mpaka mtoto aondoke. Unamjua. Hatamwambia lile la sanduku. Analitunza mpaka apate miguu."

Wifi aliliweka shati mezani.

"Siwezi kumwomba yule msichana. Hata kama ningeweza. Kaka atakaa pale, atasikia mwakani imekufa, na atageuka nyuma amtazame nani? Mtoto wa watu. Amwulize, nimekukosea nini? Hilo swali ni langu. Nimelikimbia muda wote huu, lakini ni langu."

"Hutaweza," wifi alisema, si kwa ukali. "Nakujua. Utaanza na uvimbe, utaishia na mbao begani."

"Nitaweza."

"Hutaweza, wifi yangu. Mdomo umeshazoea. Ukifika kwenye neno lenyewe utaliviringisha."

Bi Kasuku aliliwaza hilo kwa haki, kama mtu anayepima kiatu, akaona ni kweli. Alikuwa na maneno yote ya daktari. Hakuna hata moja lililopotea. Usiku na mchana kwa miezi mitano yalikaa ndani yake kwa mpangilio wake, na yule daktari akisita pale aliposita. Lakini hajawahi kuyatoa nje, na mlango usiofunguliwa huota kutu.

"Basi kaa," alisema. "Kaa kwenye kiti chake. Niyapitishe kwako kwanza."

"Kwangu?"

"Kaa. Ugeukie dirisha. Usiniangalie."

Wifi alikwenda kwenye kiti cha mumewe, kile chenye mikono, akakaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama wagonjwa wanavyokaa wote, tajiri na maskini. Bi Kasuku aliweka mkoba chini. Akavuka chumba, akasimama nyuma ya bega la wifi yake, nusu hatua. Mahali pale palimjua. Mgongo ulinyooka wenyewe.

Alianza. Mara ya kwanza alisema, "Kuna uvimbe ki—" akasimama. Wifi hakugeuka. Nje mkokoteni ule ulikuwa unarudi, gurudumu linalia, ukafunika kila sauti ya barabarani. Bi Kasuku alingoja, kisha akaanza tena, akafumba macho, akayaachia yatoke kama yalivyoingia.

"Uvimbe uko kwenye ini lako, na ni mkubwa. Umesambaa. Sitaukata, kwa sababu kuukata hakutakusaidia, kutakuongezea maumivu tu. Nitakupa dawa za kutuliza, ulale, ule kidogo, na zikizidiwa nitakupa zenye nguvu zaidi. Dawa ya kuuondoa sina. Nasikitika. Umenielewa?"

Hapo daktari alikuwa amesita. Naye akasita. Wifi aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, akitazama dirisha kama alivyoagizwa.

"Una miezi, huna miaka. Kwa hiyo nakwambia kama ningemwambia baba yangu. Kama una jambo la kumaliza na mtu yeyote, limalize mwaka huu. Usingoje kupata nguvu, nguvu hazi—"

Kivuli kilipita juu ya shati lililokuwa mezani. Bi Kasuku akafumbua macho.

Kaka yake alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye mhimili, kama mtu anayepima kama umenyooka. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu neno gani. Alimtazama mkewe kitini, machozi na yote. Akamtazama dada yake nyuma ya bega.

"Dada," alisema. "Hayo ni maneno ya nani?"

Wifi aliruka kutoka kitini. Bi Kasuku alibaki mahali pake. Fundi akaja, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine, akashika mkono wa kiti, akakaa polepole mbele yake na kugeukia dirisha.